Aliyelinda Nyayo Akaimwagia Michoro Maji

Tulikuwa watu tisa, tumesimama chini ya mwamba uliotokeza kama upenu wa nyumba. Jua lilikuwa bado halijaingia humo. Michoro ilionekana kwa kukisia tu: shingo ndefu ya mnyama, watu wembamba waliofuatana, wekundu uliochakaa mpaka ukakaribia kufanana na jiwe lenyewe. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kueleza. Askari kijana wa hifadhi aliyetuongoza akatuona tunavyokodoa macho, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina kiganjani na kuurushia mwamba.

Michoro ikaibuka.

Wekundu ulikolea kana kwamba umepakwa asubuhi ile. Mnyama akapata madoa, tukajua ni twiga. Mmoja wa wale watu wembamba, kumbe, alikuwa ameshika upinde. Wanafunzi wangu wakapiga makofi. Nami, mkufunzi niliyekuja na jalada zima la mada za utunzaji wa malikale, nikasema "Aaah!" kwa furaha kabla sijasema "Usirudie tena."

Kijana alishtuka. "Kwani kuna ubaya, mwalimu?" Hakuwa anabisha. "Mzee aliyenipokea kituoni ndivyo alivyonionyesha. Bila maji wageni hawaoni kitu."

Wiki saba zimepita, na bado naisikia ile "aaah" yangu.

Nusu saa kabla

Angekuwa mzembe, ningeandika taarifa na kulala usingizi wangu. Lakini nusu saa kabla ya hapo, kijana huyo huyo alitusimamisha njiani kwa kunyoosha mikono pande zote mbili. Mbele yake palikuwa na alama ambazo mimi ningezikanyaga bila habari. Chui, alisema. Amepita kabla ya alfajiri, kwa sababu nyayo za kwale ziko juu ya zake, na kwale hatembei gizani. Akazipima kwa fimbo yake, akaandika kwenye daftari, kisha akatuzungusha majanini sote ili tusivuruge hata unyayo mmoja.

"Anayekuja nyuma naye asome," alisema.

Nimefundisha watumishi wa hifadhi kwa miaka mingi, na sijawahi kusikia mtu akiieleza kazi yetu vizuri kuliko hivyo. Mtu huyo ndiye aliyerusha maji.

Mada ya nusu siku

Jibu nililokimbilia kwanza ni lile tunalokimbilia sote: hajui, aongezewe mada. Jioni ile ile nilikaa nikaandika somo la nusu siku. Nilieleza kwamba mwamba una chumvi ndani yake. Kwamba maji yakiingia huziyeyusha, na yakikauka huziacha juu zikiwa utando mweupe. Kwamba kila anayerusha maji ili rangi ikolee kwa dakika tano anaongeza pazia juu ya rangi hiyo kwa wote watakaofuata. Na kwamba chumvi inayoganda chini ya rangi huibandua vipande vipande. Nikaweka picha za kabla na baada. Nikamaliza kwa orodha ya mambo ya kufanya na yasiyofaa kufanywa.

Lilikuwa somo sahihi. Nililisoma tena asubuhi na sikuliamini.

Nilijua litakavyopokelewa. Lingekaa katikati ya mada ya huduma ya kwanza na mada ya matengenezo ya magari, watu wangeandika, wangejibu maswali ya mtihani, na wangerudi vituoni kwao ambako yupo mzee wa kuwaonyesha kazi inavyofanywa. Mwenye nguvu kati yetu ni nani? Mimi nakaa nao siku kumi. Mzee anakaa nao miaka.

Kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa nimemhesabu yule kijana kuwa mtu asiyefundishwa, ilhali alikuwa amefundishwa vizuri sana. Alionyeshwa, akaiga, akasifiwa na wageni, akarudia. Hakuna chuo chenye mbinu bora kuliko hiyo.

Mzee

Nikaamua kumtafuta mzee. Amestaafu, anaishi si mbali na lango la hifadhi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumsahihisha kwa adabu, na hilo najutia kidogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, unadhani mimi nilijifunzia wapi?"

Akanisimulia kwamba alipokuwa kijana aliwahi kubebea mizigo watafiti waliokuja na kamera kubwa za miguu mitatu. Hao ndio aliowaona wakilowesha mwamba kabla ya kupiga picha. Hakuna aliyemwambia fanya hivi. Aliona watu wenye elimu, wanaoipenda ile michoro kiasi cha kusafiri mbali kuja kuitazama, wakiimwagia maji, naye akahitimisha kwamba ndivyo michoro inavyotunzwa.

Sikuwa na la kusema, maana najua ni kweli. Kulowesha michoro ya miambani ili ipigike picha vizuri ilikuwa kazi ya kawaida kwa watafiti wa zamani, katika nchi nyingi. Baadaye wataalamu walijifunza madhara yake, wakaacha, wakaandikiana kwenye majarida yao. Hakuna aliyerudi kumwambia mbeba mizigo.

Nilirudi nikiwa kimya. Kosa nililotaka kulifuta kwa somo la nusu siku lilikuwa limetoka upande wetu sisi wenye masomo, likashuka hadi kwa mzee, kutoka kwa mzee likafika kwa kijana, na siku ile pale mwambani lilikuwa linarudi kwetu likiwa limekamilika.

Waliofundishwa vizuri

Tangu siku hiyo nawafikiria sana askari wa Yellowstone.

Hifadhi ile ya Marekani ilianzishwa mwaka 1872, na vizazi vya watumishi wake wa mwanzo waliamini kwamba kulinda wanyama ni kuwalinda wanyama wazuri dhidi ya wabaya. Mbwamwitu walikuwa wabaya. Kati ya 1914 na 1926 wasiopungua 136 waliuawa ndani ya hifadhi, na waliowaua hawakuwa majangili. Walikuwa watumishi waliotekeleza wajibu wao kwa bidii, kama walivyoelekezwa. Kundi lilipokwisha, elki, aina ya kulungu wakubwa, waliongezeka, machipukizi ya miti yakaliwa yasikue, ikabidi watumishi hao hao waanze kupunguza elki kwa risasi. Mwaka 1995 na 1996 wakaletwa mbwamwitu 31 kutoka Kanada kuanza upya.

Miaka sabini hivi. Ndio muda uliohitajika kufuta kazi iliyofanywa kwa uaminifu.

Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii, na zamani niliisimulia kama hadithi ya ujinga wa watu wa kale. Sasa siwezi tena. Kila nikiifikia sehemu ya "kama walivyoelekezwa" najiuliza ni ipi kati ya mada zangu itakayosimuliwa hivyo.

Mbegu kwenye mchanga

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, pengine kwa sababu nao ni wa nyayo.

Mwaka 1978 kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey kilikuta huko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Mstari wake una urefu wa mita 27 hivi. Watafiti walizipima, wakazipiga picha, wakachukua nakala kwa kumimina vifaa vinavyoganda, na mwisho wakafanya jambo la busara: walizifukia tena kwa mchanga, wakapanga mawe juu. Jua, mvua na kwato zisizifikie.

Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga.

Hebu fikiria hapo. Watu waliojua kusoma kisigino na kidole gumba ndani ya jivu lililogeuka jiwe, kwa umakini ambao sisi wengine hatutaufikia, walifukia urithi wa dunia nzima pamoja na mbegu. Mawe yakatunza unyevu. Mbegu zikaota. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na miti juu ya kifuniko, na hofu ikawa kwamba mizizi inapasua nyayo kule chini.

Idara ya mambo ya kale ya Tanzania na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani zikashirikiana. Miti ikauawa kwanza. Mwaka 1995 na 1996 kaburi lile likafunguliwa sehemu kwa sehemu, na ikaonekana kwamba mizizi ilikuwa imepenya mahali fulani, ingawa nyayo nyingi zilikuwa zimenusurika. Zikafunikwa upya kwa mchanga uliochekechwa, kwa matabaka ya kitambaa kinachopitisha maji, na mojawapo ya vitambaa hivyo kina dawa ya kuzuia mizizi. Juu yake mawe tena. Na baada ya hayo yote, bado kazi iliyobaki ni ya mkono: miche inayochomoza lazima ing'olewe ingali midogo.

Nimekuwa nikiitazama habari hiyo kwa miaka kama habari ya vitambaa na kemikali. Wiki hizi nimeitazama kama habari ya swali ambalo halikuulizwa. Mtu yeyote anayejua mimea angeshika mchanga ule kiganjani na kusema, "Huu una mbegu." Mchungaji yeyote wa maeneo yale angesema hivyo. Nyayo zilikuwa na wataalamu wake, migunga nayo ina wajuzi wake, na mchanga uliokuwa katikati yao haukuwa wa mtu.

Yule kijana wangu yuko upande wa pili wa mchanga huo huo. Amejaa maarifa mpaka pomoni, na maarifa hayo yanaishia pale ambapo mnyama anaacha kuwa wa damu na kuwa wa rangi.

Shule mbili

Hatukufika hapa kwa bahati mbaya. Mwaka 1961, katika tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba uhifadhi unahitaji watu wenye ujuzi maalumu, na miaka miwili baadaye chuo cha Mweka kikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kimewafunza wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika, na naheshimu sana kazi hiyo. Upande wa malikale ulikwenda njia yake: kituo cha kimataifa cha ICCROM kikaanza kazi Roma mwaka 1959, na miongo kadhaa baadaye Mombasa na Porto-Novo, kule Benin, zikapata vituo vya kuwafunza Waafrika utunzaji wa urithi. Wa wanyama wakapanda mlimani, wa mambo ya kale wakateremka pwani. Wakirudi kazini wanakuta hifadhi ni moja.

Hata vyeti vinasema hivyo. Ngorongoro, ambamo Laetoli imo, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979 kwa ajili ya maumbile yake. Kwa ajili ya utamaduni, pamoja na nyayo hizo, ilitambuliwa mwaka 2010. Ardhi ni ile ile, na wakati wa cheti cha kwanza nyayo zilikuwa zimeshapatikana. Ilichukua miaka 31 kuandika mstari wa pili.

Kuna mahali palipovuka mpaka huu mapema. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, iliyoorodheshwa mwaka 2008, ipo kwa sababu wazee waliilinda kama makazi ya wahenga: hukati mti, huingii kwa njia isiyo yako. Kwa kulinda utamaduni wakalinda mimea adimu ya msitu wa pwani. Na taasisi ya serikali iliyosimama pamoja nao ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Makumbusho yanatunza msitu! Ukimweleza hilo mwanafunzi mpya kwa mara ya kwanza, anadhani umekosea kusema.

Pombe

Hapa ndipo penye shaka yangu kubwa, na sitaificha.

Nikishaamua kwamba hakuna kimiminika kitakachogusa mwamba, nitamwambia nini mzee wa Kolo, kule Kondoa katikati ya Tanzania? Michoro ya Kondoa iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2006, na pango la Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko. Katika baadhi ya matambiko hayo pombe hurushwa ukutani. Kwa kipimo changu cha chumvi na utando, ni madhara. Kwa kipimo cha anayetambika, mahali pasiporushiwa pombe ndipo palipoachwa pafe.

Nilipokuwa kijana ningejibu haraka. Sasa naona kwamba somo langu la nusu siku, pamoja na orodha yake safi, lingemtuma askari wa miaka ishirini na minne kumzuia mzee asifanye kile ambacho ndicho kilichofanya pango hilo liheshimiwe mpaka likafika mikononi mwetu. Na sioni kuwa suluhisho ni kunyamaza, maana rangi ikibanduka imebanduka.

Uluru, hifadhi yenye mwamba mkubwa mtakatifu kule Australia, wamelishughulikia swali la namna hii kwa muda mrefu kuliko wengi. Ardhi ilirudishwa kwa Waanangu, wenyeji wake wa asili, mwaka 1985, wao wakawa wengi kwenye bodi ya hifadhi, na uchomaji wa nyika wa vipande vipande wanaoujua wao ukaingia katika kazi za hifadhi, baada ya moto mkubwa wa 1976 kuonyesha kinachotokea usipofanyika. Katazo la kupanda mwamba ambalo wenyewe walikuwa wakiliomba lilianza tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu siku ya kurudishiwa ardhi. Polepole mno, ukiniuliza. Lakini kule mzee anafundisha watumishi akiwa mkufunzi, na anaketi mezani panapoamuliwa.

Mzee wangu aliyestaafu hakuwahi kuketi kwenye meza yoyote ya namna hiyo. Nimekuwa nikifundisha kilomita chache kutoka nyumbani kwake kwa miaka, na siku niliyomtembelea nilikwenda kumsahihisha.

Viota

Lile somo nimelitoa kwenye ratiba. Badala yake nimeomba siku mbili za kutembea, bila picha za ukutani, na nimemwomba mzee aje. Amekuja. Tunatembea wawili wawili, mmoja wa doria na mmoja wa malikale, kila mmoja akimwonyesha mwenzake anachokiona, na pale mmoja anaposema "hapa sijui" tunasimama na kuandika. Wakubwa wangu waliuliza nitapimaje matokeo. Niliwapa madaftari yaliyojaa "hapa sijui" na hawakufurahi sana. Naelewa. Bado nazungumza nao.

Mzee alisimulia habari ya watafiti na kamera mbele ya wote, pale pale chini ya mwamba. Aliisimulia bila aibu, akamgeukia kijana na kusema, "Mimi ndiye niliyekupa, na leo naichukua." Kijana aliinama kidogo, akasema, "Nimeelewa, mzee." Hapakuhitajika neno langu.

Wiki iliyopita nilipita tena kituoni bila kutoa taarifa. Nilimkuta kijana mwambani na askari wapya wawili. Hakuwa na chupa mkononi. Aliwaweka pembeni, jua likiingia kwa ubavu, na kwa mwanga ule upinde ulionekana. Si vizuri kama kwa maji, lakini ulionekana. Akawaonyesha utando mweupe chini ya twiga na kuwaambia umetoka wapi, bila kumtaja mtu.

Kisha akaniita kando. Juu ya michoro kulikuwa na viota viwili vya nyigu, wale wajengao kwa udongo. Mmoja wa wale wapya alitaka kuvikwangua, maana vinachafua. "Nimemzuia," alisema, "lakini sijui kama nimefanya sawa."

Nikamwambia kuhusu Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, ambako watafiti walipima umri wa viota vya zamani vya nyigu vilivyokuwa juu na chini ya mchoro wa kangaruu, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba mchoro huo una miaka kama 17,300. Aliyekwangua angekuwa amekwangua saa.

Macho yalimng'aa. Akachora viota vyote viwili kwenye daftari, lile lile la chui. Halafu akanionyesha, kwenye ufa upande wa kulia, michirizi ya rangi ya kahawia inayoshuka karibu na wale watu wembamba. Mkojo wa pimbi, alisema. Ni kundi analolijua, wana watoto mwaka huu. Je, waachwe au wazibiwe ufa?

Nilitazama michirizi. Nikatazama ufa. Pimbi mmoja alitoa kichwa, akatuangalia, akarudi ndani.

"Hapa sijui," nilisema, na yeye akaandika.